Refa wa Blugamu za Kiptere

Miaka ile baada ya korona, ukipita Jumamosi kwenye barabara ya murram inayoshuka kutoka Kiptere, ungesikia milio ya pa-pa-pa ndani ya miti ya blugamu kabla hujaona mtu. Mgeni angeshtuka. Wenyeji walijua ni Duke na bunduki zake za mchezo, zinazofyatua vidonge vya rangi, na kwamba sasa hivi filimbi italia. Mwenye filimbi alikuwa Priscah Chelangat, mkulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa, akiwa ndani ya shati la mistari lililojaa madoa ya manjano na waridi.

Hakuutafuta urefa huo. Alikuwa amechezesha voliboli muda mrefu, mashindano ya viwanda vya chai na ya makanisa, mpaka goti likamlazimisha kupumzika. Kisha Duke, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Naivasha, akarudi nyumbani na bunduki kuukuu alizouziwa kambi ilipofungwa. Akakodi kipande cha msitu, akapanga mapipa, matairi na magunia ya mchanga ya watu kujifichia, akaita timu. Timu zikaja, na vurugu ikaja nazo. Kila aliyepigwa alikataa kwamba amepigwa. Watu walipokaribia kushikana mashati, Duke alipanda mpaka kwa Priscah.

"Mama Chebet, nisaidie. Hawa watu wataumizana."

"Mimi sijui huo mchezo."

"Sheria ni chache. Risasi ikipasuka mwilini, unainua mkono unatoka. Isipopasuka, unaendelea. Ukifuta rangi ujifanye hujapigwa, unatoka wewe na wenzako wawili."

"Hao wawili wamekosa nini?"

Duke aliwaza. "Hawajakosa kitu. Lakini ndio watamkataza siku nyingine."

Jibu hilo lilimpendeza Priscah. Jumamosi iliyofuata mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, alimwona akitoka na maski mkononi, akamuuliza anaenda kupigana na nani.

"Siendi kupigana, Kogo. Naenda kuwaamua."

Kwa sababu ya goti hakukimbia. Alitembea katikati ya risasi mkono mmoja juu, akipigwa na pande zote mbili bila kukusudiwa, akiinama nyuma ya mtu kuangalia mgongo ambao mwenyewe hawezi kuuona. Alijifunza haraka. Risasi iliyopasuka juu ya mtu huacha doa nene. Ile iliyopasukia kwenye pipa hurusha matone tu, na matone hayamtoi mtu. Watu walibisha mwanzoni. Baadaye wakazoea, kwa sababu hakuwa anapiga kelele na hakuwa anabadilisha neno.

Timu iliyopendwa na watu wa esteti ya chai iliitwa Boila. Kapteni wake alikuwa Calvince Obonyo, aliyelisha kuni boila ya kiwanda tangu ujana wake. Yeye na wenzake wengi walikuwa wametoka upande wa ziwa, au walizaliwa kwenye laini, nyumba za wafanyakazi, na wazazi waliotoka huko. Zamani alikuwa mchezaji wa voliboli, na Priscah ndiye aliyekuwa akimchezesha, kwa hiyo hata wakikutana sokoni alimwita Refa. Krismasi ilipofika alimletea samaki, akarudi kwake na chupa ya maziwa aliyopewa.

Wapinzani wao wakubwa walikuwa Timu ya Soko, vijana wa boda boda na wenye maduka wa Kiptere, karibu wote wa kabila la Wakipsigis kama Priscah.

Fainali ilikuwa Desemba, mawingu yakijikusanya. Mashabiki wa esteti walisimama upande mmoja wa kamba na wa soko upande mwingine. Hakuna aliyewapanga hivyo. Timu zilikuwa sare, ikabaki raundi ya mwisho: mwenye kuleta bendera iliyokuwa katikati ndiye bingwa. Boila walikuwa wamebaki watatu, Calvince mmoja wao. Soko walikuwa wawili.

Calvince aliruka kutoka kwenye matairi, akajitupa nyuma ya pipa. Risasi ikampasukia pajani. Priscah aliona rangi ya manjano, kisha akaona mkono wenye glavu ukishuka haraka, ukapangusa, ukarudi kwenye bunduki. Calvince akainuka, akakimbia kama mtu wa miaka ishirini, akainyakua bendera. Upande wa esteti ulilipuka kwa vigelegele.

Filimbi ililia. Priscah alimwonyesha Calvince njia ya kutoka, kisha akawaonyesha wenzake wawili. Soko wakabaki peke yao uwanjani.

"Anapendelea watu wake!" mtu alipaza sauti.

"Tunajua huyu ni wa nani!"

Ng'ambo ya kamba mtu akajibu kwa Kipsigis, na kicheko kilichofuata hakikuwa cha mchezo. Watu wazima wengi pale waliukumbuka mwaka mbaya wa uchaguzi, majirani walipopigana kwa ukabila, na wengine walianza kuwavuta watoto kando. Duke alimfikia Priscah akitweta.

"Mama, tuseme raundi irudiwe."

"Nikirudia, nimesema sikuona. Na nimeona."

Alibaki amesimama pale pale, filimbi mkononi. 

Calvince alivua maski. Alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Ndipo akatembea mpaka kwenye kamba, mbele ya watu wake mwenyewe, akainua ile glavu.

"Nimefuta! Ni mimi. Rangi hii hapa. Msimtukane refa, amenipata."

Akageuka, akampelekea bendera kapteni wa Soko, Noah, kijana wa boda. Noah hakujua afanye nini. Aliipokea, kisha akaushika mkono wa mzee huyo kwa mikono yake miwili, akakaa nao. Beldina, mama muuza samaki wa laini, akacheka kwa nguvu.

"Obonyo! Na vile umekimbia!"

Watu wakacheka pande zote, na mvua ikawakuta wakisukumana chini ya turubai moja.

Lakini Calvince hakuonekana tena uwanjani. Wiki zikapita. Siku moja Priscah akaenda kumngoja kwenye geti la kiwanda shifti ilipoisha.

"Timu yako inakutafuta."

"Nilikuaibisha, Refa."

"Ungenyamaza, hapo ndipo ungeniaibisha."

Calvince aliangalia viatu vyake vilivyojaa majivu. "Nilitaka tu kushinda kitu, hata mara moja, kabla sijastaafu."

Priscah alimvuta kando kupisha lori za majani zilizokuwa zikiingia.  Kisha akamwambia, "Kuja Jumamosi."

Alikuja. Tangu siku hiyo alitoka kabla hajaambiwa, na mara nyingine aliinua mkono kwa risasi iliyomgonga ikadunda tu, ikabidi Priscah amfukuze arudi: "Haijapasuka, Obonyo! Rudi ucheze!" Wengine wakamwiga. Ukafika msimu ambao Priscah alizunguka mchana mzima bila kutoa penalti hata moja, na mwisho wa mechi watu walikunywa chai pamoja kutoka kwenye sufuria kubwa ya Duke, nyuso zimepakwa kila rangi, hujui nani ni wa esteti na nani ni wa soko.

Haikudumu. Mwenye shamba aliuza miti yake ikawa kuni za kiwanda. Calvince alisema labda baadhi ya magogo aliyoyasukuma motoni miezi yake ya mwisho ni yale yale waliyokuwa wakijificha nyuma yake. Duke akarudi Naivasha. Calvince alistaafu, akahamia kwao Nyakach, bondeni chini ya Soin karibu na ziwa, kwenye joto.

Pale palipokuwa na uwanja sasa pana chai changa, mistari imenyooka vizuri. Rangi ile ilikuwa ya kuyeyuka kwa mvua, haikuacha alama yoyote. Priscah akipita na mzigo wake wa majani hupunguza mwendo, kisha husema ni goti.

Jumamosi nyingi simu yake hulia baada ya chakula cha mchana.

"Refa, huko kukoje?"

"Kumetulia sana. Unasikia tu wachunaji wakiongea."

"Hata huku."

Huongea kuhusu mvua, na watoto, na nani amefariki. Kisha huishiwa maneno, lakini hakuna anayekata simu haraka, mpaka ng'ombe wa Priscah waanze kulia wakitaka kukamuliwa.