Mayai ya Ukutani

Mume wangu alipofariki aliniachia ng'ombe mmoja, kuku kadhaa, na harusi ukutani. Harusi hiyo ilikuwa ndani ya kanisa letu dogo, si mbali na soko la Ikonge. Aliichora miaka ya thelathini, ndoa yetu ikiwa bado changa: ile harusi ya Biblia ambayo divai iliwaishia wageni. Wageni wake wameketi kwenye vigoda, wamejifunga shuka kama watu wa kwetu, na mtumishi mmoja anayebeba mtungi ana pengo la jino. Pengo hilo ni langu. Sikuombwa ruhusa.

Mwaka niliofiwa, rangi ilianza kubanduka. Kila tulipofagia kanisa tulizoa vipande vya wageni. Mzee wa kanisa, mtu mwema asiyependa uchafu, akasema kwamba kabla ya sikukuu ya mavuno ukuta ungepakwa chokaa. Niliendelea kufagia. Lakini nilijua kwamba ukuta ukipakwa chokaa, sitakuwa na mahali pengine pa kumwona mume wangu akinitania.

Karibu na Sironga palikuwa na mwalimu Mzungu wa sayansi ambaye kwao aliwahi kufanya kazi ya kutunza picha za kale. Nilimwendea. Akaja na sanduku la chupa, akaukodolea macho ukuta kwa muda mrefu.

“Hii rangi nashikwa na nini?” akauliza kwa Kiswahili chake.

Miaka hiyo watu walikuwa wakishikwa na askari huko Nairobi. Mzee wa kanisa akarudi nyuma.

“Haijashikwa, Bwana. Haina kosa lolote. Iko hapa tu tangu zamani.”

Mwalimu akacheka, akaeleza. Rangi ni vumbi: udongo mwekundu, makaa, unga wa jiwe la sabuni. Vumbi halikai ukutani bila kitu cha kuligandisha. Kitu hicho kikichoka, rangi inaanguka. Ukitaka kuirudisha, ni lazima ujue mchoraji alitumia nini, maana ukiweka gundi isiyopatana na ile ya kwanza itavuta hata kilichobaki.

“Mayai,” nikasema.

Hilo nililijua vizuri. Wakati wa kuchora, mume wangu alikuwa akizoa mayai yote ya kuku wangu kila asubuhi. Siku zile kwetu mwanamke hakula yai, lakini kuuza aliuza, na mimi nilitaka kuuza. Akaniambia, “Uso wa mtakatifu unataka yai.” Nani angebishana na mtakatifu? Na kwa kuwa wageni wa harusi walikuwa wengi, mayai nayo yalikwenda mengi.

“Ni kweli,” akasema wifi yangu, dada ya marehemu, aliyekuwa amenisindikiza. “Ndugu yangu alichora kwa moyo wote. Hata mdomo wake ulinuka mayai.”

Mwalimu hakutaka kuamini maneno matupu, hata yangu. Alitaka tumtengenezee rangi za kulinganisha. Tukachanganya udongo mwekundu na yai, mwingine na maziwa ya mgando na majivu, mwingine na utomvu wa mgomba, tukapaka kwenye ubao na kuuacha ukauke. Aliporudi, akakwangua punje ndogo kama mbegu ya wimbi kutoka kila rangi, akazichoma moja moja katika kichupa chembamba, na juu ya mdomo wa kichupa akashikilia karatasi iliyolowekwa dawa. Ya yai iligeuza karatasi kuwa nyeusi. Ya maziwa iliibadilisha kidogo sana. Ya mgomba haikufanya lolote.

Kisha akachukua punje ya mume wangu. Tukainama sote, vichwa vikagongana. Karatasi ikawa sawasawa na ile ya maziwa.

“Rudia,” nikasema.

Akarudia kwa punje ya gauni la bibi harusi. Akadondoshea nyingine, pamoja na ile ya maziwa ya ubaoni, dawa ya chupa tofauti, zote mbili zikavimba.

“Yai hapana, Mama.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Basi mayai yalikwenda wapi?” akauliza wifi yangu.

Mwalimu akawa anapangusa kichupa chake. “Dawa yangu naona ukuta tu. Tumbo hapana ona.”

Hapo ndipo nilipokumbuka kibuyu cha maziwa ya mgando. Kila jioni alikichukua, akisema tumbo linamsumbua. Kumbe maziwa aliyosema anayanywa yaliingia ukutani, na mayai aliyosema yanaingia ukutani yaliingia tumboni!

“Wifi,” akasema dada yake, “uliolewa na nguchiro.”

“Ni nguchiro wa kwenu,” nikamjibu.

Tulicheka mpaka mzee wa kanisa akatukumbusha tuko wapi. Mbavu ziliniuma. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mazishi, na sikuona haya.

“Lakini itashika tena?” mzee akauliza. Ndoo ya chokaa ilikuwa tayari mlangoni.

“Tutajaribu,” akasema mwalimu.

Nikaleta maziwa ya mgando. Tukayakamua kwa kitambaa, tukachanganya na majivu, tukayalegeza kwa maji. Mwalimu akayapenyeza kwa brashi nyembamba nyuma ya kipande kilichoning'inia begani mwa mtumishi mwenye mtungi. Wageni wa pembeni walikuwa wamekwisha kuanguka, na hakuna aliyeweza kuwarudisha. Hiki kilikuwa bado kipo.

“Mama, wewe bonyeza,” akasema. “Pole pole, na kidole gumba.”

Nikaweka karatasi juu, nikabonyeza. Baadaye akaniambia imetosha. Mzee akagusa kwa ukucha, hakuna kilichoanguka. Akaichukua ndoo yake ya chokaa, akatoka nayo nje. Mimi nikarudisha kidole palepale, nikaendelea kubonyeza.