Gari Jembamba na Randa ya Baba

Mimi ni seremala, ni mwanamke, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Nimezaliwa Mgeta, kwenye miteremko ambayo mtu wa bondeni akiipanda mara moja anaisimulia mwaka mzima. Baba yangu alikuwa seremala kabla yangu. Yote ninayoyajua kuhusu mbao niliyapata kwake, nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza yake ya kazi, namshikia ubao, nagombezwa.

Baba alipofariki, vifaa vyake havikuja kwangu. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Baba alikuwa wa ukoo wa mama yake, na vitu vyake vikarudi huko, kwa dada yake, yaani shangazi yangu, na kwa mtoto wa shangazi, binamu yangu. Ndiyo mila, naijua, sikubishana nayo. Msumeno ukaenda, patasi zikaenda. Lakini walipoichukua randa, ile randa ya mti iliyolika pale baba alipokuwa anaegemeza dole gumba, jamani, niliumia. Binamu yangu kazi yake ni kupaka rangi. Randa ya nini?

Basi mwaka huu padri wetu akatuletea mchezo wa sikukuu ya parokia: mashindano ya magari madogo ya mbao. Hayana injini wala hayasukumwi. Yanaachiwa juu ya ubao mrefu ulioinama, yanashuka yenyewe, linalotangulia kufika limeshinda, na mwenye nalo anapewa zawadi. Kila mshindani alipewa kipande cha msonobari, magurudumu madogo ya plastiki, na misumari ya kuwa ekseli. Sharti lilikuwa kwamba gari likipandishwa kwenye mizani lisizidi jiwe la mizani alilolichagua padri.

Siku ileile nikaenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunijulia hali au umekuja na shida?"

"Shida. Niazime randa ya baba, nitengenezee gari la mashindano."

Shangazi yangu si mtu wa kucheka hovyo. Akaniangalia weee, kisha akaingia ndani akaitoa. "Sikukuu ikiisha, irudi," akasema. Nikamwahidi itarudi. Nisifiche kitu hapa: zawadi ya padri haikuninyima usingizi. Nilikuwa naitaka randa ile, na nilitaka shangazi aone inakaa vizuri kwenye mkono gani.

Sasa sikiliza kazi. Watu wengi wakitaka kitu chembamba wanakimbilia kupunguza ubao kwanza. Halafu wakija kutoboa tundu la ekseli, paa, ubao umepasuka, wanaanza kulaumu mbao. Baba alinifundisha kutoboa mbao ikiwa bado nene. Nikakibana kipande changu kwenye jiliwa, nikatoboa matundu kwa keekee, taratibu, nikihakikisha yamenyooka. Halafu nikakigeuza, na kwa patasi nikachimba kishimo upande wa chini, karibu na ekseli ya nyuma. Hapo ndipo nikaishika randa.

Nikaupapasa ubao kujua nyuzi zimelala wapi, nikafuata hukohuko. Ukirandia kinyume cha nyuzi unang'oa vipande. Ukifuata, maranda yanatoka marefu na laini, yanajikunja yenyewe, na unasikia randa inaimba. Nilipunguza, nikapunguza tena, mpaka gari likawa jembamba kama mwiko wa ugali. Mbele nikalichonga likawa jembamba zaidi. Nikamalizia kwa msasa laini, na vanishi nikapaka mara moja tu.

Gari jembamba ni jepesi, na gari jepesi halifiki mbali. Nikateremka mjini, nikatafuta vile vipande vya risasi wanavyofunga kwenye nyavu za samaki, nikavipanga ndani ya kile kishimo mpaka kwenye mizani ya dukani gari likalingana sawasawa na jiwe kama lile la padri. Uzito nikauweka nyuma makusudi. Gari likishaanza kufika tambarare upande wa mbele, mzigo wa nyuma bado uko mlimani, bado unasukuma. Sisi tunaoteremsha vikapu vya kabichi mgongoni hatuhitaji kuambiwa hilo.

Misumari nayo niliipiga tupa, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaipaka unga wa penseli badala ya mafuta, maana mafuta yanakamata vumbi. Na gurudumu moja la mbele nikalipandisha kidogo lisiguse ubao. Magurudumu matatu yanatosha kubeba gari. La nne linapunguza mwendo tu.

Siku ya sikukuu nikafika na gari langu kwenye mfuko wa shati. Lo! Kumbe wenzangu wote wametengeneza malori. Mtu wa Mgeta ukimwambia gari, kichwani linakuja lori la mboga. Malori yenye bodi, yenye turubai, yenye kabichi za kuchonga juu. La binamu yangu lilikuwa na rangi tatu na vioo vya pembeni, na maandishi nyuma. Kusema kweli lilipendeza.

Akaliona langu, akaangua kicheko. "Dada, hilo gari au rula?"

"Rula," nikamjibu. "Nimekuja kukupima."

Watu wakacheka mpaka padri akapiga filimbi. Tukapanga magari juu ya ubao. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanga imekazwa. Kizuizi kikatolewa. Malori yakaanza kuyumba, moja likaangusha kabichi njiani, la binamu likagonga ukingo likasimama. Langu halikuyumba hata kidogo. Lilishuka kimya, likapita mstari, likaingia kwenye majani huko chini, na lori lililofuata lilikuwa bado linajikongoja. Wanifikie? Thubutu! Niliruka kama mtoto, na sina haya. Ile ilikuwa kazi ya mikono yangu, na mikono yangu ilifundishwa na baba, na watu wote wa parokia walikuwa wameona.

Kesho yake asubuhi nikaipeleka randa. Niliinoa, nikaifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Njiani mara mbili nilitaka kugeuza. Ahadi ni ahadi, nikafika.

Shangazi akaifungua, akapitisha kidole kwenye makali.

"Umeinoa."

"Kitu cha watu hakirudishwi kikiwa butu, shangazi."

Binamu yangu alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Mama yake akamgeukia. "Wewe unajua kuinoa hii?" Akatikisa kichwa, povu mdomoni.

Shangazi akaigeuza randa mkononi. Kisha akasema, "Randa hii ni ya ukoo wetu, na wewe si wa ukoo wetu."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo sikupi." Akaifunga tena kwenye kitambaa, akaikaza vizuri, akaniwekea mikononi. "Nakuazima. Siku ukifa, wanao wairudishe."