Tamthilia Niliyosimuliwa Edani

Kabla mume wangu hajafa, Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku yangu. Tamthilia ilionyeshwa Jumapili jioni, na sisi wanawake wa mtaa wetu, juu kidogo ya Lushoto mjini, tulikuwa tunaitazama kwa nesi mstaafu, mwenye televisheni kubwa na viti vya kutosha. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kesho yake asubuhi, mtoni, tunapoosha karoti za kupeleka sokoni. Maji ya huko kwetu asubuhi yanauma mifupa. Miguu imekufa ganzi, ukungu umefunga hata humwoni aliye ng'ambo, na midomo haipumziki. Nani kamuua yule tajiri wa malori?

Kila mtu alikuwa na mtu wake. Nesi alimshuku daktari, kwa sababu, alisema, yeye madaktari anawafahamu. Fundi cherehani, binti mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimng'ang'ania mdogo wa marehemu. Mimi tangu sehemu ya kwanza nilisema ni mke. Walinizomea. Yule mke alikuwa mpole, analia vizuri, kila mtu anamwonea huruma. Nikawaambia kikulacho ki nguoni mwako. Anayejua tajiri anakunywa nini na anakunywa saa ngapi ni nani, kama si mkewe?

"Dada, wewe una roho mbaya," fundi alinitania. "Shemeji ajihadhari."

Tulicheka mpaka karoti mbili tatu zikachukuliwa na maji. Niliipenda tamthilia ile, sioni aibu kusema. Mtu aliyeinama kwenye mteremko tangu alfajiri ana haki ya kukaa jioni akahangaikia matatizo ya watu asiowajua.

Mume wangu alikufa wakati wa masika. Alikuwa na presha, na vidonge vyake alivikumbuka pale tu kichwa kilipomgonga. Siku hiyo alirudi kutoka shambani mapema, akasema kifua kinambana, akaomba chai. Nikampa. Alikaa kizingitini, akanywa kidogo, akavua buti moja. La pili hakulivua. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani, nesi akiwa ametushika mkono mimi na mama mkwe, na daktari akatuambia sote watatu kwamba ni moyo, na kwamba moyo ule ulikuwa umechoka siku nyingi. Nalisema hili mapema ili msomaji naye asianze kunipeleleza.

Mazikoni alikuja mtani. Ukoo wa mume wangu una utani na ukoo mmoja wa kule chini Magoma, tangu enzi za mababu, na kwetu mtani msibani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Anaweza kulala mlangoni akasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku. Anaweza kumtukana marehemu mbele ya mama yake. Kazi yake ni kuwafanya wafiwa wapumue, na hakuna anayemkasirikia, maana siku ya msiba wao na sisi tutakwenda kufanya vilevile.

Basi yule mtani alivaa koti la mume wangu na mabuti yake, akatembea kama yeye, bega moja chini, akakaa palepale kizingitini na kikombe kitupu mkononi. Akapaza sauti, "Mke wangu! Chai ya leo umetia nini?" Halafu akajiangusha chali, buti moja juu.

Uwanja mzima ulicheka. Mama mkwe alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa ndani kwenye jamvi, nimezungukwa na wanawake, sijala tangu jana yake, na nilicheka pia. Ilikuwa pumzi yangu ya kwanza. Nilimshukuru mtani yule moyoni, na bado namshukuru.

Kisha nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, mimi na mama mkwe peke yetu. Watoto wangu wako mbali, kila mmoja na makazi yake. Mama mkwe ni mkongwe, miguu imemkataa, nami ndiye niliyempikia na kumwogesha tangu nilipoolewa pale. Tulikuwa tumezoeana kama mafiga ya jiko moja. Mchana tulipukuchua maharage. Usiku tulisikia mvua.

Wenzangu hawakunitupa. Kila Jumatatu alasiri, wakitoka sokoni, walikuja kunisimulia sehemu mpya. Fundi alikuwa hasimulii, anaigiza. Alichechemea kama mpelelezi, akalia kama mke, akabishana kama mdogo mtu, yeye mmoja akijaza chumba. Nesi alimsahihisha. Mama mkwe, ambaye televisheni aliiona kitu cha watu wasio na kazi, alijifanya hasikii, lakini mikono iliacha kupukuchua kila mpelelezi alipoingia. Mimi nilichemsha chai ya mchaichai, tukanywa, tukabishana mpaka magharibi. Wakati mwingine nilisahau kwa dakika nzima kwamba nimefiwa. Sijui wanawake wasio na rafiki wanaimalizaje eda.

Halafu tamthilia ikapoa. Sikujua kwa nini. Jumatatu moja fundi aliisimulia amekaa, mikono mapajani. Alisema mpelelezi amemkamata dereva, basi. Dereva gani? Yule dereva alikuwa ameonekana mara moja tu, akifuta kioo cha gari! Nikauliza wamempataje, nesi akasema, "Ushahidi tu, dada, ushahidi," akageukia mambo ya bei ya kabichi. Chai yao ilibaki. Nesi alisema tumbo linamsumbua. Nikampa pole.

Jumatatu iliyofuata dereva alikuwa bado mahabusu. Na chai ilibaki tena. Fundi aliniambia amefunga sunna, na mimi naona wazi ganda la hindi la kuchoma limenasa kwenye meno yake. Nilidhani labda ana mimba na hataki kusema. Nilimwombea heri, mjinga mimi.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, aliyeolewa Mtae. Kule mtandao unakuja ukipenda, lakini siku hiyo alinipata. Baada ya kunijulia hali alishindwa kujizuia.

"Dada, si ulisema! Ni mke! Kamtilia sumu kwenye chai! Huku wote tumepiga kelele, nikawaambia dada yangu alijua tangu mwanzo."

"Na dereva?"

"Dereva yupi?"

Nilikata simu, nikabaki nimekaa. Sikuelewa palepale. Ilikuja polepole, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Vikombe vilivyojaa. Tumbo la nesi. Sunna ya fundi. Nilipoelewa, nilipatwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ile hospitalini. Mauti ni kazi ya Mungu, nitamgombeza nani? Lakini hawa nilikuwa nimesimama nao kwenye maji baridi miaka yote.

Nilingoja Jumatatu. Walikuja wawili, wakapiga hodi, wakamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia. Nikaweka chupa ya chai katikati ya mkeka, nikamimina vikombe vitatu. Mama mkwe yeye alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, ungo wa maharage mapajani.

"Haya," nikasema, "dereva wetu ameshahukumiwa?"

"Kesi inaendelea," fundi alisema.

"Na mke?"

Fundi alianza kukunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

"Mdogo wangu kanipigia kutoka Mtae," nikasema. "Kumbe mke kafungwa. Kumbe ilikuwa chai. Sasa nataka mniambie kwa nini mimi nilistahili kuletewa dereva."

Fundi akaangua kilio. "Dada, si mimi. Ni watu. Wanasema mtani hasemi bure. Wanasema mtani alionyesha kila kitu palepale mlangoni, na sisi tukacheka. Na kwamba wewe ulijua ni mke kabla ya mpelelezi mwenyewe kujua. Wanauliza ulijuaje."

Nilisimama. Sauti yangu nadhani ilifika barabarani. Nilimwambia kwamba baba yake alipokufa, mtani wao alisema mzee kafa kwa uroho wa makande, tena alikomba sufuria mbele ya watu kutuonyesha. Je, tulimkamata aliyepika makande? Nilimwambia kwamba amezaliwa milimani huku, amekula misiba mingi kuliko pilau za harusi, na anajua mtani ni nani. Au siku hizi mtani naye amekuwa shahidi wa polisi? Tangu lini?

Kisha nikamgeukia nesi. Kwake ndiko nilikokuwa na tumaini.

"Dada, wewe ulikuwepo. Ulimsikia daktari."

Nesi alitazama mkeka. "Nilimsikia," alisema. "Alisema moyo." Akakisogeza kikombe chake pembeni. "Lakini moyo unaweza kusimama kwa sababu nyingi."

Hilo ndilo lililonivunja. Fundi ni mtoto, anaokota maneno mtoni na kuyatupa sokoni. Nesi alinishika mkono usiku ule. Alimfumba mume wangu macho kwa vidole vyake mwenyewe. Sehemu kadhaa za tamthilia, za waigizaji waliolipwa kufa na kufufuka, zilikuwa zimeshinda kile alichokiona. Nilikaa chini. Nilijiona tayari nje ya mtaa ule: eda inaisha, natoka, na hakuna anayenisogelea mtoni, hakuna anayekula nilichopika kwenye shughuli, wakwe wa wanangu wanasikia. Lisemwalo lipo, wangesema, na kama halipo laja. Jambo la namna hiyo huwezi kulikanusha. Ukilia, umeigiza. Ukinyamaza, umekiri.

"Nipe hicho kikombe."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Alikuwa ameuweka ungo chini.

Sikuelewa. Akanyoosha mkono, mwembamba kama fimbo ya maharage, akarudia, "Mwanangu, nipe hicho, cha nesi."

Nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kwa kuonja. Alikunywa chote, akapumzika katikati, akaendelea mpaka majani ya chini, na sisi watatu tunamtazama kama waliosahau kupumua. Kisha akajifuta mdomo kwa kanga yake, akakiweka kikombe chini.

"Mtani alimtania mwanangu," akasema. "Nilicheka mimi, mama yake. Na mimi mniandike kwenye kesi yenu. Sasa nendeni."

Fundi aliinuka bila hata kutafuta viatu vyake vizuri, akatoka navyo mkononi. Nesi alibaki kidogo. Akachukua kikombe cha fundi, akanywa nusu, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu," akatoka. Nilimsamehe siku hiyohiyo, kwa mdomo. Kwa moyo bado ninajaribu.

Walipokwisha kushuka njia, nilijitupa miguuni pa mama mkwe nikalia kilio changu chote, kile cha mume wangu na kile cha siku ile. Alinipapasa kichwa. Nilijua kwamba nimepona. Neno la mama wa marehemu kwetu linamaliza, hakuna mpelelezi juu yake. Kesho yake mtaa mzima ungesikia kwamba bibi kanywa, tena kanywa mpaka chini, na nani angethubutu tena?

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipotoka eda wanawake walinipokea mtoni kwa vigelegele. Siku hizi wanakunywa kwangu, wengine wanaomba kikombe cha pili hata kama hawakitaki.

Lakini jioni ile, nikiwa bado nimelaza kichwa mapajani pake, mkono wake uliacha kunipapasa. Nje ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Alisema taratibu sana, kwa Kishambaa chetu cha ndani, kama mtu anayeomba maji:

"Wameondoka. Tumebaki wawili. Niambie mimi peke yangu, mwanangu. Kwenye ile chai ya mume wako, kulikuwa na nini?"

Nikainua kichwa nikamtazama. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yaleyale niliyoyaamkia kila asubuhi tangu nikiwa bibi harusi. Nikatambua kwamba alipokunywa kile kikombe hakuwa na hakika. Alikinywa hivyohivyo.

"Maji, mama," nikamwambia. "Majani, sukari, na mchaichai."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Haya," akavuta ungo wake, tukapukuchua mpaka giza. Kesho yake nilipoamka nilimkuta jikoni, amejikokota hadi huko kwa kushika ukuta, anapuliza moto. Akaniambia nipumzike, nimehangaika sana. Tangu siku hiyo chai ya nyumba yetu anapika yeye.