Jani la Msasa na Ndoo ya Alfajiri

Inakuwaje kitu kinachokwaruza ndicho kinacholainisha kingine? Swali hilo lilinisumbua msimu mzima nilipokuwa darasa la tano Kitangari. Kila jioni nilikaa katika vumbi la mpingo, lenye harufu tamu inayowasha pua, nikimsugulia Mjomba miiko na vinyago vyake kwa majani ya msasa. Jani hilo ukilipitisha shavuni unaruka, lakini mti uliosuguliwa nalo unateleza kama sabuni iliyolowa. Nilimuuliza Mjomba sababu. "Sugua, mpwa wangu, hata maswali yatalainika," alijibu, akacheka peke yake.

Mwaka huo Mwalimu Agnes, aliyetoka Lulindi kuja kutufundisha Kiingereza, aliandika ubaoni neno rough. Alisema ni kitu kisicho laini, kama gome la mkorosho. Kisha akaongeza kwamba barabara yenye mashimo nayo ni rough, bahari iliyochafuka pia, na hata mtu anayesukuma wenzake. Wavulana wakapiga kelele kwamba hiyo ndiyo rafu ya mpirani. Mimi nikainua daftari langu la rafu, lenye karatasi laini kabisa. "Mwalimu, barabara, bahari na daftari vinafanana kwa lipi?" Mwalimu akashusha pumzi. "Somoe, tuanze na vitu vya kushika. Kesho kila mtu alete kimoja. Atakayeleta kilicho rough kuliko vyote hatabeba ndoo wiki nzima."

Wote tukakaa wima. Maji ya shule tuliyafuata bondeni kila alfajiri, kila mtoto na ndoo yake, na kukipanda kile kilima na maji kichwani kulinifanya niichukie shule niliyoipenda. Ndoo ile niliitaka initoke kuliko nilivyotaka zawadi yoyote.

Kesho yake Hadija, jirani yangu wa dawati, alileta gunzi la hindi. Mwingine alileta jiwe. Mwalimu alipita akigusa kila kitu kwa kidole gumba. Alipofika kwangu akalisugua jani langu la msasa, akalisugua tena. "Mbona hili ni laini, Somoe?" Nikalishika mwenyewe, na kweli. Kwa haraka za asubuhi nilikuwa nimeokota jani nililolitumia jana yake kwenye mwiko, makali yake yote yameisha. "Kampanguse nalo mtoto mchanga!" Hadija alinitania, na darasa zima likaangua kicheko.

Sikukubali. Nilisema jani halina kosa, limeshafanya kazi yake. Nipewe bichi na kitu cha kusugua. Mwalimu akanionyesha meza yake, ambayo vibanzi vyake vilikuwa vimeshamchania sketi mbili. "Ukiilainisha hii, zawadi ni yako, ndoo nimekusamehe wiki nzima." Nilichuma majani kapu zima. Wiki ile, wenzangu wakiwa bondeni, mimi nilisugua peke yangu darasani, vidole vikiwaka moto, nikiimba kwa raha. Siku ya mwisho Mwalimu alipitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe ya meza, akasema tu, "Haya." Chuo kikuu hakijawahi kunipa alama iliyonifurahisha kama hiyo.

Siku hizi Mjomba ananunua karatasi ya msasa dukani Masasi, na Kitangari kuna bomba linalotoa maji siku likipenda. Chuoni nilisoma kwamba jani la msasa limejaa chembe ngumu kama mchanga, zinazokwangua vinundu vya mti hadi uso wote uwe sawa. Nikaridhika, ingawa kuhusu daftari bado nabishana na watu. Ila mwezi uliopita nilikutana na Hadija, ambaye sasa anauza mashuka sokoni Masasi, nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyoikwepa ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Uliikwepa wapi, wewe? Mwalimu mkuu alizihesabu ndoo kila siku, na haikupungua hata moja. Yako ilibebwa na Mwalimu Agnes, wiki nzima, akatukataza tusikwambie."