Jina la Mikono

Nakumbuka mchana mmoja wa mwaka 2012, mwanangu, nikizunguka soko la Kakuma na kiatu kimoja cha mtoto mkononi, nikiita mpaka sauti ikakauka. Nakusimulia mchana huo kwa sababu jana majirani walikuelekeza kwangu hapa Nawoitorong, karibu na Lodwar, ukafika unalia kwamba hospitalini wamekuambia mtoto wako hasikii. Jana nilikuacha ulie. Leo umelala, umekula, sasa tunaweza kuzungumza.

Nilikuwa bado kijana, na binti yangu Atabo alikuwa na miaka sita. Homa kali ilimchukulia masikio hata kabla hajajifunza kutembea. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu chache: maji, chakula, njoo, na kidole cha kumkanya. Nikaona zinatosha. Nilimpenda, usifikiri vingine. Nilimpeleka kwa waombezi, nikamchemshia mizizi, nikawa nangoja masikio yafunguke ndipo nianze kuzungumza naye.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka vikapu vya majani ya mkoma Kakuma, kuviuza ndani ya kambi ya wakimbizi. Nikabishana bei na mteja, unajua mambo ya soko, na nilipogeuka mtoto hayupo. Kiatu chake kimebaki kando ya vikapu. Upande wa milima ya Uganda mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi, na wewe ni mtu wa huku, unajua maana yake. Mvua ikinyesha kule, laga, mto wetu mkavu, inashuka na maji ghafla huku jua likiwaka. Watu husikia ule mngurumo wa maji wakakimbia. Mtoto wangu hangeusikia.

Nikaanza kuita. Wanawake wa vibanda vya karibu wakaniuliza jina, nao wakaita. Bwana mmoja wa kutengeneza simu alikuwa na kipaza sauti mlangoni mwa duka lake. Akazima muziki, akatangaza, "Atabo, mtoto Atabo, mama yako anakutafuta, kuja hapa dukani." Akarudia kwa Kiturkana, akarudia kwa Kisomali. Nilimshukuru kwa machozi. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu. Tulikuwa tunamtangaza kwa kipaza sauti mtoto asiyesikia hata radi, na soko zima hakuna aliyeona kasoro.

Aliyeiona alikuwa kijana mrefu wa Sudan Kusini, ametundika utepe wa fundi cherehani shingoni. Jina lake Deng.

"Mama, huyu mtoto anasikia?"

"Hasikii."

"Basi wacha kelele, twende kwetu. Kiziwi akipotea Kakuma hii, mwisho anafika kwa mama yangu."

Njiani akanieleza kwamba mama yake, Mama Achol, ni kiziwi tangu kuzaliwa, anashona nguo barazani kwake, na viziwi wa kambini hukutana hapo kila alasiri. Yeye Deng anasikia, lakini alijua kuzungumza kwa mikono kabla ya kujua kwa mdomo.

Tulipokata kona nikaona baraza limejaa watu. Walikuwepo Mkongo mmoja, Wasomali wawili, Waturkana, na watu wa Sudan Kusini. Ndugu zao wanaosikia wakikutana sokoni hutafuta mkalimani ili wakubaliane bei ya sukari, lakini hawa walikuwa wanapigiana hadithi, wanakatizana, wanacheka mpaka wanapiga miguu sakafuni. Katikati yao alikaa Atabo wangu, mguu mmoja peku, anafuata mikono ile kwa macho ambayo nilikuwa sijawahi kuyaona usoni kwake. Alikuwa ameona sokoni mikono inazungumza, akaifuata.

Nilimrukia nikamkamata kwa nyuma. Akashtuka, akapiga kelele, akanipiga ngumi. Mama Achol aliinuka, akaitoa mikono yangu juu ya mtoto bila haraka, akanisogeza mpaka mbele yake.

"Mama anasema mtu hashikwi nyuma hivyo," Deng akatafsiri. "Simama mbele, akuone, ndiyo umshike."

Nikasimama mbele. Akaniona, akanikumbatia, nikalia pale mbele ya watu wote wala sikuona haya. Mama Achol akangoja nimalize, kisha akauliza mtoto anaitwa nani.

"Atabo," nikasema.

Akatikisa kichwa, mikono yake ikasema maneno mengi. Deng akanitafsiria. "Anasema hiyo jina iko kwa mdomo yako. Mtoto hajawahi kuiona. Miaka sita, na hakuna mtu amemwita hata siku moja."

Nilitaka kukasirika, mwanangu. Mgeni ananifundisha mtoto niliyemzaa mimi. Lakini alisema kweli, nikaketi chini.

Viziwi wana desturi yao ya majina. Hujipi mwenyewe, na sisi tunaosikia hatumpi mtu. Wao ndio wanaokutazama, tabia yako na sura yako, halafu wanakubaliana. Wakamtazama Atabo, naye kwa kutazamwa sana akavimbisha mashavu, kama anavyofanya akiudhika. Yule Mkongo akaweka ngumi shavuni, akaifungua kama shavu linalovimba. Wote wakakubali. Mama Achol akamwonyesha mtoto ishara ile, kisha akaonyesha jina lake mwenyewe, kisha jina la kila aliyeketi pale. Aliporudi kwa Atabo, mtoto akaifanya ishara yake mwenyewe, mashavu yamejaa.

Halafu Atabo akanigeukia. Akanielekezea kidole kifuani, akawatazama wale watu, nyusi zimepanda. Deng hakuhitaji kunitafsiria. Binti yangu alikuwa anauliza mimi naitwa nani.

Wakashauriana. Yule Mkongo akaweka vidole mdomoni akavifungua na kuvifunga upesi upesi, na baraza lote likaangua kicheko. Deng akainamisha macho. "Ni yule wa kupiga kelele," akasema. "Samahani, mama. Hawa hawafichi."

Atabo akasimama mbele yangu, akaweka vidole mdomoni, akaniita. Mimi, mama yake. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Maji yalishuka kweli alasiri ile, tukangoja kwa Mama Achol mpaka laga ikapungua. Mwaka uliofuata nilimwingiza shule ya Lodwar yenye darasa la viziwi, na kila likizo alirudi na maneno mengi kuliko yangu, akanicheka nikimwomba arudie.

Sasa shika haya, mwanangu. Usingoje masikio ya mtoto wako. Watafute viziwi wakubwa, uketi kwao, uwaombe lugha yao, na uanze leo angali mdogo. Usiwaendee kwa huruma, maana watakucheka na watakuwa na haki. Hao ni watu wenye lugha na mila zao, na mtoto wako ni wa kwao kama alivyo wako. Utaona wivu kidogo. Mimi niliona, ukapita.

Mungu aibariki mikono yako iwe myepesi. Akupe uso ambao mtoto wako atapenda kuutazama. Akuzungushie watu wa kumwonyesha dunia, na siku atakapokuita kwa mara ya kwanza, uwe umesimama mbele yake.