Kazija na kikapu cha simu kilichomponza

Ni asubuhi Nangurukuru. Mabasi ya Kusini yamesimama, wauza korosho wanagonga vioo vya madirisha, na Kazija Likwata amelaza saa ya ukutani kifudifudi mezani pake, bisibisi mkononi. Mwenye saa, mwanamume wa makamo aliyetoka nayo Njinjo ikiwa imefungwa kwenye khanga, amesimama kando na anaongea kwa kunong'ona, asije akasikiwa na saa yake mwenyewe.

Kazija anafungua mfuniko. Ndani mna betri, vumbi na mende aliyekauka. Mteja haridhiki. Anataka kujua kama mende yule ni mende kweli.

"Baba, ni mende," Kazija anasema, kisha anamgeukia mwandishi. "Unaiona kazi yangu?"

Kazija ni fundi simu, na kwa miaka mingi alibadilisha vioo na kurekebisha sehemu za kuchajia, akala, akalala. Siku hizi imemwangukia kazi nyingine ambayo hakuiomba. Analetewa balbu, kalamu, redio, hata tasbihi ya kubonyeza, aangalie kama vina vinasa sauti. Wengine wanataka awategee wenzao. Hao huwafukuza.

"Mtu anakuja na salamu zake nzuri, halafu ananiuliza amwekee mkewe nini kwenye mkoba," anasema. "Namwambia kamuulize mkeo, mdomo si unao?"

Vifaa vyenyewe vipo, hakatai. Amewahi kutoa kifaa cha kufuatilia chini ya kiti cha pikipiki, kidogo kuliko kiberiti. Amewahi kukuta kamera ndani ya balbu ya chumba cha wageni. Mnunuzi mmoja wa ufuta alipewa chaja kama zawadi, kumbe ndani yake mna laini ya simu. Anayeijua namba anapiga, chaja inapokea kimya, na maneno yote ya ofisini yanamfikia huko aliko. Lakini mara nyingi, anasema, kinachomsikiliza mtu ni simu yake mwenyewe.

Ile chaja aliitundika kibandani ili watu waijue sura yake na wajihadhari. Watu wakaiona, na wakaelewa kwamba anaziuza.

Balaa lenyewe lilitokea Kilwa Masoko, kwenye kufundwa kwa binti wa Mwanahija, rafiki yake. Kinachosemwa na kuimbwa chumbani mle hakitoki nje, na kungwi, Bi Zakia, ni mkali kuliko wote. Alikusanya simu zote kwenye kikapu, akakifunika kwa khanga. Kwa kuwa hakumwamini mtu wa nje kukaa nacho, akakisukuma chini ya kitanda, mle mle chumbani. Kazija naye, kwa kuwahurumia wenzake na joto, alikuwa ameleta waya wa ekstensheni na feni.

Siku ya nikaha bwana harusi alifika akiimba chini chini wimbo wa Bi Zakia, ule unaomtania mama mkwe wa bibi harusi kwa ubahili wa kupima nazi kabla ya kukuna. Mama mkwe mwenyewe alikuwa keshausikia. Wanawake wakatazamana, kisha wakamtazama Kazija.

Alikwenda kwa Bi Zakia na waya wake, akaukata vipande mbele yake. Hamkuwa na kitu ndani. Bi Zakia akamjibu kwamba vinasa sauti vya siku hizi ni vidogo, havionekani kwa macho.

"Sasa kitu ambacho hakipo, mimi nikionyeshe vipi?" Kazija anauliza, na hapo sauti inampanda. "Nikikikosa wanasema nimekificha. Ningekipata wangesema ni changu."

Wateja wanawake wakapungua. Hilo angelivumilia. Kinachomkosesha usingizi ni Sada, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu mtoto na ambaye anaolewa mwezi huu. Chumbani, kando ya bibi harusi, pana mahali pa mama, na makungwi walikwisha kusema kwamba mtega vinasa sauti hataingia.

Ukweli ulikuja wenyewe, kwa boti. Saida, mdogo wake Mwanahija anayeishi Songo Songo, alivuka kuja kuwapongeza, akamsifu Bi Zakia kwa sauti yake. Alisema alisikia kila kitu vizuri kabisa. Hakuweza kuhudhuria, hivyo Mwanahija alimpigia simu na kuiweka kikapuni ikiwa hewani, ili mdogo wake asipitwe na nyimbo. Na huko kisiwani, Saida, mikono yake ikiwa kwenye samaki, aliifungulia simu sauti ya juu na kuiweka uani. Ng'ambo ya ukuta wa makuti ndugu wa bwana harusi walikuwa wakishona nyavu. Wamefurahi sana, bila shaka.

Yaani chaja imetundikwa kwa onyo, waya umekatwa, jina la mtu limechafuliwa, na kumbe ni dada kampigia mdogo wake. Inachosha hata kuiandika.

Mwanahija ndiye aliyetaka iandikwe. "Weka jina langu," alimwambia mwandishi. "Nilinyamaza kwa aibu, Kazija akawa anapita mbali na mlango wangu. Hajakosa kitu. Kosa ni langu."

Bi Zakia hakuomba radhi. Alituma salamu kwamba safari hii, kwenye kufundwa kwa Sada, simu zitabaki nje, na kwa kuwa Kazija ndiye anayejua kuzizima sawasawa, basi akae nje azilinde.

Kazija anaisimulia salamu hiyo huku akirudisha skrubu za saa moja moja. Mtu wa Njinjo kalipa na anaondoka, mende kamfunga kwenye kikaratasi. Kazija anamtazama mpaka anapotea nyuma ya basi.

"Simu nitazizima, mbele yao, kila mmoja aone," anasema baadaye. "Nitazifungia kwenye sanduku langu la vifaa, ufunguo nimpe Bi Zakia auvae shingoni. Wanipekue wakitaka, wanifumue na nywele. Lakini nje sikai. Dada yangu hayupo, na mtoto yule akigeuza shingo kutafuta mama, lazima anione mimi."