Miaka Kumi na Miwili Nyuma ya Dinny

Mjomba wangu Malachy Tuohy alicheza hurling, mpira wetu wa magongo, miaka kumi na miwili katika timu ya parokia ya Kilmeera. Kusema "alicheza" ni kumpa zaidi ya alichopata. Alikuwa kipa wa akiba, jezi namba kumi na sita. Namba moja ilikuwa ya Dinny Hanrahan, aliyemzidi umri kwa miezi mitatu tu.

Kwetu mtu hahami parokia kwa ajili ya mpira. Ulipobatizwa ndipo unapocheza, na ukienda kwa majirani hata mama yako ataona haya kuingia misani. Kwa hiyo Malachy alibaki. Asubuhi aligawa barua, na kila mlango ulikuwa na neno.

"Malachy, ulimwona Dinny Jumapili?"

"Nilimwona. Nilikuwa nimekaa mahali pazuri."

Kibaya zaidi, kipa wa akiba ndiye anayempasha mwenzake misuli kabla ya mechi. Anasimama mbele ya goli na gongo lake, anampigia mipira mmoja mmoja. Malachy aliijua mikono ya Dinny kuliko mke wa Dinny alivyoijua. Kila mpira uliompita mwenzake aliukumbuka mpaka kitandani, akijiambia kwamba yeye angeudaka. Alimwomba Mungu amshushie Dinny ugonjwa. "Si mkubwa," aliniambia. "Mafua tu, ya wiki moja."

Mwaka wa kumi na mbili Kilmeera ikafika fainali ya kaunti. Malachy alikuwa na miaka thelathini na minne na alijua hakuna fainali nyingine. Wakati wa kupasha akaona Dinny anaukwepesha mkono wa kushoto, kila mpira anauzuia kwa gongo.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu. Piga."

"Kidole kimevimba kama soseji, bwana. Kocha anajua?"

"Kocha ajue ya nini? Piga mpira, Bwana Posta. Barua utagawa kesho."

Angeweza kwenda kwa kocha. Badala yake alisogea hatua tatu mbele, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote, kushoto, usawa wa kifua, pale ambapo kipa hana muda wa kufikiri. Dinny akadaka. Halafu akapiga magoti, ameukumbatia mkono.

Kocha Quirke alikuja mbio. Akakitazama kidole, akamtazama Malachy.

"Haya, Tuohy. Vaa kofia ya kinga, uingie."

Alicheza saa nzima. Alifungwa magoli mawili, akaokoa matatu, la mwisho kwa mbavu, na Kilmeera ikashinda kwa pointi moja, ile inayopatikana mpira ukipita juu ya mwamba wa goli. Filimbi ilipolia watu walimiminika uwanjani, naye akanyoosha mikono kuwapokea. Wakampita. Walikuwa wanamkimbilia Dinny, aliyetoka vyumbani mkono umefungwa taulo. Nahodha akamwita jukwaani, akalinyanyua kombe kwa mkono mzima, na parokia yote ikaimba jina lake.

Bibi mmoja akampigapiga Malachy begani. "Umejitahidi, mwanangu. Ila lile goli la pili, Dinny angelidaka."

Jioni, kwenye baa, Dinny alikuja kukaa karibu yake.

"Ulinilenga."

Malachy alitazama glasi yake. "Nilikulenga."

"Ningekuwa wewe, ningelenga mwaka wa kwanza! Miaka kumi na miwili, Malachy? Una subira ya punda." Akacheka hadi machozi, akawageukia watu na kuwasimulia yote, nao wakacheka, wakampiga Malachy mgongoni kama aliyefanya jambo la kuchekesha. Dinny akamwagizia bia.

Mjomba hakuwahi kumsamehe kwa hilo. Kama angetukanwa au kupigwa ngumi, angerudi nyumbani na kitu cha kwake.

"Hata ubaya wangu," aliniambia, "aliuchukua akaufanya hadithi yake."

Msimu uliofuata hakurudi uwanjani.